Mlango wa Kwaya

Siku za kuelekea Pasaka mwaka 386, askari walilizingira kanisa mjini Milan. Malkia Justina, mama wa Kaisari Valentinian wa Pili aliyekuwa bado kijana mdogo, alitaka wafuasi wa Ario wapewe jengo la kusalia. Hao ni Wakristo waliokataa kwamba Kristo ni sawa na Baba. Askofu Ambrose akagoma kulitoa. Waumini wakakesha humo pamoja naye, na ili watu wasichoke wala kufa moyo, wakaanza kuimba zaburi na tenzi kwa mtindo wa makanisa ya mashariki. Huko Milan jambo hilo lilikuwa geni.

Mmoja wa waliokesha alikuwa mama wa Kiafrika, Monica. Mwanawe Augustine, mzaliwa wa Thagaste, mji unaoitwa leo Souk Ahras nchini Algeria, alikuwa akifundisha ufasaha wa kusema mjini humo na alikuwa hajabatizwa. Mwaka uliofuata, usiku wa Pasaka, Ambrose alimbatiza. Miaka kadhaa baadaye, akiwa yeye mwenyewe askofu huko Hippo, Augustine aliandika kitabu chake cha Maungamo, na humo akasimulia jinsi nyimbo za kanisa lile zilivyomliza. Kichwa chake kilikuwa kimejaa hoja za wanafalsafa. Alikuwa amepambana na Maandiko miaka mingi. Lakini anapokumbuka siku zile za mwanzo wa imani, anachokitaja ni sauti za watu waliokuwa wakiimba, na machozi yake mwenyewe.

Kisha akaingiwa na wasiwasi. Katika kitabu hichohicho Augustine anakiri kwamba kuna wakati sauti humgusa kuliko maneno yanayoimbwa, na hilo analihesabu kuwa dhambi. Anamtaja Athanasius, askofu wa Alexandria, aliyemtaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo sana, hata ionekane anasoma tu. Augustine anajiuliza kama hilo lisingekuwa salama zaidi. Mwishoni anaegemea upande wa kuimba, kwa sababu roho iliyo dhaifu huweza kuinuliwa na raha ya masikio. Anaegemea, lakini bado anasitasita.

Maaskofu wawili wa Kiafrika, basi, ndio waliouweka mjadala huu mezani zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: je, mtu anayefika kwa Mungu kupitia wimbo amefika kweli, au amenogewa na wimbo tu? Swali hilo bado linaulizwa kwenye vikao vya wazee wa kanisa kuanzia Mbeya hadi Kisumu, ingawa siku hizi linakuja likiwa na majina ya gitaa la besi, kinanda cha umeme na vijana wanaocheza mbele ya madhabahu. Wazee huuliza kama vijana wamekuja kusali au wamekuja kupiga muziki.

Jibu la haraka ni kwamba wamekuja kwa yote mawili. Jibu refu linapatikana mahali ambapo wazee wengi hawafiki, nalo ni mazoezi ya jioni katikati ya juma.

Ingia kanisa lolote la mjini lenye kwaya hai, Jumanne au Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Wanafika mmoja mmoja: mwalimu wa shule ya msingi, fundi umeme, mama muuza vitenge, mwanafunzi wa chuo mwenye begi mgongoni. Mwalimu wa kwaya ameshaandika ubaoni herufi ndogo za d, r, m, f, s, l, t, zikitenganishwa na nukta mbilimbili. Anaanza na sauti ya kwanza, anawarudisha mara nne, kisha sauti ya pili, ya tatu, na besi wa nyuma ambao daima wanachelewa kuingia. Mstari mmoja unaweza kula nusu saa. Mtu aliyekuja akiwa amegombana na bosi wake analazimika kunyamaza asikilize wenzake, ashushe sauti yake ilingane na ya jirani, avute pumzi pale wengine wanapovuta. Na maneno anayoyarudia mara ishirini ni maneno ya zaburi, au ya sala, au ya kuomba toba.

Herufi zile zina historia inayofaa kukumbukwa. Katika miaka ya 1840 mchungaji mmoja wa Uingereza, John Curwen, alikuwa akitafuta namna ya kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili kuimba kwa kusoma, bila kutegemea ala ya bei kubwa wala kujifunza kwa miaka. Alichukua njia iliyobuniwa na mwalimu wa kike wa Norwich, Sarah Glover, akaiboresha, akaieneza. Faida yake ilikuwa ya kawaida kabisa: herufi hizo zilichapwa kwa mashine ileile ya kuchapia vitabu vya kawaida, na yeyote aliyejua kusoma aliweza kuzifuata. Wamisionari walizibeba hadi Afrika, zikaota mizizi. Leo mwalimu wa kwaya wa kijijini ambaye hajawahi kugusa piano anaweza kutunga wimbo wa sauti nne, akauandika kwenye daftari la mstari, na wiki ijayo kwaya ya wilaya nyingine ikauimba kutoka kwenye nakala iliyopigwa picha kwa simu.

Mtafiti Mmarekani Gregory Barz aliishi na kuimba na kwaya za Kilutheri jijini Dar es Salaam, na mwaka 2003 akatoa kitabu juu yake. Alichokikuta si kundi la waimbaji tu. Kwaya ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Iliuguza wagonjwa wake, ilizika wafu wake, ilichangia harusi za wanachama wake. Kwa mtu aliyehamia jijini kutoka mkoani bila ndugu wa karibu, huo ulikuwa ukoo mpya. Kwaya nyingi zina katiba pia, na katiba hizo huwa kali kuliko kanuni za usharika wenyewe. Mwanakwaya aliyepotoka husimamishwa kuimba, huketi na waumini wengine bila sare, na kila mtu anajua. Ni adhabu inayouma. Inauma kwa sababu aliyoipoteza ni njia yake ya kusali.

Hapa ndipo wasiwasi wa Augustine unapokutana na hali halisi. Yeye alimfikiria msikilizaji, mtu aliyeketi akaguswa na sauti za wengine. Mwanakwaya yuko upande mwingine. Furaha ya masikio ipo, lakini imetanguliwa na saa nyingi za kukosea, kurudia na kusahihishwa mbele za watu. Hata asiyekuwa na imani kubwa siku ya kwanza hujikuta, baada ya miaka miwili, ana zaburi kumi kichwani asizokumbuka alizikariri lini. Anapouguliwa na mama yake, maneno hayo huja yenyewe kabla hajaitafuta Biblia.

Kuna kisa kimoja maarufu ambacho husimuliwa kana kwamba kinapinga hoja hii, kwamba imani hujengwa na mazoezi. Ni kisa cha Thomas Dorsey wa Chicago.

Dorsey alizaliwa mwaka 1899 Villa Rica, Georgia, mtoto wa mhubiri Mbaptisti na mama aliyepiga kinanda kanisani. Akiwa kijana alihamia Chicago na kuwa mpiga piano wa bluzi, akijulikana kama Georgia Tom, akaiongoza bendi ya mwimbaji mashuhuri Ma Rainey. Mwaka 1928, pamoja na mpiga gitaa Tampa Red, alitoa wimbo wa utani wa chumbani uliouzwa sana kiasi kwamba mtoto wa mhubiri akawa na hela ya kutosha kusahau mahubiri. Hakuyasahau. Wakati huohuo alikuwa akitunga nyimbo za dini zenye mapigo ya bluzi na kuzipeleka makanisani, na wachungaji wengi wa Chicago wakamfungia mlango. Walisikia baa ndani ya wimbo wa Yesu.

Agosti 1932 Dorsey alikuwa St. Louis kwenye mkutano wa kidini alipoletewa simu ya maandishi: mkewe Nettie amefariki akijifungua. Alirudi Chicago akamkuta mtoto wa kiume yu hai. Muda si mrefu mtoto naye akafa. Wakazikwa pamoja. Kwa siku kadhaa Dorsey hakutaka kusikia habari za kutungia kanisa. Alimwona Mungu kuwa amemdhulumu. Kisha rafiki mmoja akamchukua hadi kwenye chuo cha urembo kilichokuwa na piano, akaketi, akaanza kupapasa sauti. Ndipo ulipozaliwa wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, ambao tangu hapo umetafsiriwa kwa lugha nyingi.

Husimuliwa kama muujiza wa jioni moja, na ni rahisi kuona kwa nini. Lakini vidole vya Dorsey havikuanza kazi jioni ile. Sauti aliyoipapasa ilikuwa ya tenzi ya zamani, sauti iitwayo Maitland, aliyokuwa akiijua tangu utotoni kanisani. Namna ya kuivuta na kuikawiza ilikuwa ya bluzi, aliyojifunza usiku kwa usiku kwenye kumbi za dansi. Alipokosa maneno yake mwenyewe ya kusali, mikono ilikuwa na akiba. Tena mwaka huohuo alikuwa tayari kiongozi wa kwaya katika kanisa la Pilgrim Baptist, kazi aliyoifanya kwa miongo mingi. Hakuwa mtu aliyeguswa mara moja akaondoka. Alikuwa mtu wa mazoezi ya katikati ya juma.

Wimbo ule ulikwenda mbali. Mahalia Jackson, aliyezunguka na Dorsey akiimba ili nakala za nyimbo zake zipate wanunuzi, aliufanya wake. Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, akiwa kwenye baraza la hoteli mjini Memphis, Martin Luther King alimwomba mwanamuziki Ben Branch aupige kwenye mkutano wa usiku huo. Muda mfupi baadaye King alipigwa risasi. Mahalia ndiye aliyeuimba kwenye mazishi yake. Wachungaji waliomfukuza Dorsey kwa sababu ya bluzi walikuwa, kufikia hapo, wameshawaachia wajukuu zao makanisa yanayoimba kwa mtindo wake.

Afrika Mashariki nako muziki wa wenyeji ulifungiwa mlango wa kanisa kwanza kabla ya kufunguliwa. Tenzi za mwanzo zilikuja zikiwa tafsiri kutoka Kijerumani, Kiswidi na Kiingereza, na zilibanwa kwenye sauti zake za asili. Aliyekulia kwenye vitabu hivyo anajua shida yake hata kama hajawahi kuitaja. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti nyingi za Ulaya hukaza noti ya mwisho ya mstari. Matokeo yake ni waumini wanaoimba jina la Mungu wakikaza mwisho, kana kwamba ni neno la kigeni. Vizazi vitatu vimeimba hivyo, kwa upendo mkubwa, na wapo wazee ambao ukiwagusia kubadilisha watakuona mpinga Kristo. Wana haki yao. Tenzi hizo zimewazika wazazi wao.

Ngoma zilikuwa habari nyingine. Katika misheni nyingi zilihesabiwa kuwa za kishenzi na kubaki nje ya ua wa kanisa. Mmoja wa waliolishughulikia suala hili kwa kalamu alikuwa padri Mtanganyika, Stephen Mbunga, ambaye mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, na ambaye mwenyewe alitunga Misa Baba Yetu. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia, na ndani yake ukaagiza kwamba katika nchi za misioni muziki wa wenyeji upewe heshima na nafasi katika ibada. Lakini katika mji wa Kamina, Katanga, mambo yalikuwa yameshatangulia. Mwaka 1958 padri Mbelgiji Guido Haazen, pamoja na kundi la wavulana na walimu wao, aliimbisha misa kwa maneno ya Kilatini juu ya sauti na midundo ya huko Kongo. Sehemu kubwa ya misa hiyo, iitwayo Missa Luba, ilitungwa papo hapo, bila karatasi. Santuri yake ikazunguka dunia nzima, na mwaka 1990 kwaya ya taifa ya Muungano kutoka Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya.

Upande wa Walutheri, jambo kama hilo lilitokea Makumira, karibu na Usa River, Arusha. Mmisionari Mmarekani Howard Olson, aliyefika Tanganyika mwaka 1946, alifundisha chuoni hapo na kuwataka wanafunzi wa theolojia walete sauti za nyumbani kwao. Wakaleta. Bernard Kyamanywa aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, juu ya sauti ya Kihaya. Wilson Niwagila mwaka 1966 alitunga Njoo Kwetu, Roho Mwema. Olson alizikusanya nyimbo hizo na nyingine kwenye kitabu Tumshangilie Mungu, akatafsiri kadhaa kwa Kiingereza, na nyimbo hizo mbili za wanafunzi wa Makumira zimo leo kwenye kitabu kikuu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani kilichotoka mwaka 2006. Kinachovutia zaidi ni kilichowapata wanafunzi wenyewe. Kijana aliyefundishwa kwamba kusali ni kuvaa sauti ya kigeni aligundua kwamba sauti aliyoisikia kwa bibi yake inaweza kumbeba hadi kwenye madhabahu. Hilo ni badiliko la imani, si la muziki peke yake.

Mtu anaweza kusema: mbona Uamsho haukuhitaji mwalimu wa kwaya? Ni pingamizi la haki. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda na Uganda kuelekea miaka ya 1930 na kufika Kenya, Burundi na Tanganyika, ulikuwa na wimbo mmoja mfupi, Tukutendereza Yesu. Ni kiitikio cha tenzi ya Kiingereza kilichotafsiriwa kwa Kiganda, na walokole waliuimba kwa Kiganda hata pale ambapo hakuna aliyekisema. Mtu akisimama kutubu, wenzake wanauimba. Wakikutana stesheni, wanauimba. Haukuwa na sauti nne wala sare. Hata hivyo tazama jinsi ulivyotumika: kila wiki, miaka thelathini, arobaini, watu walewale kwenye ushirika uleule. Kurudia kulikuwepo. Kilichokosekana ni ubao tu.

Soko la kanda, kisha la CD na video, lilileta sura mpya. Mtu mmoja alitokea mbele ya kwaya akawa nyota. Rose Muhando, mzaliwa wa Dumila, wilaya ya Kilosa, ndiye mfano unaojulikana na wengi. Alilelewa katika Uislamu. Kwa simulizi yake mwenyewe, akiwa na miaka tisa na mgonjwa wa siku nyingi alimwona Yesu kitandani, akapona, na baadaye akawa Mkristo. Umma ulimfahamu kupitia albamu na tuzo za mwaka 2005. Lakini kazi yake ya muziki ilianzia kwenye kwaya ya Kianglikana ya Chimuli, Dodoma, alikokuwa mwalimu. Midundo ya kienyeji inayosikika kwenye nyimbo zake imewakera wengine, kama bluzi ya Dorsey ilivyowakera wa Chicago. Mashabiki wake nao, ukiwasikiliza, mara nyingi husimulia walikuwa wapi walipousikia wimbo fulani: hospitalini, kwenye basi, jikoni baada ya kuachwa.

Ni hao wa kwenye basi na jikoni wanaorudisha swali la Augustine. Simu sasa inampa mtu nyimbo za kuabudu usiku kucha bila kumkutanisha na yeyote. Anaweza kulia kweli, na pengine kuomba kweli, na hakuna sababu ya kumdharau. Ila hakuna atakayemwambia kwamba ameimba noti isiyo yake, wala atakayekuja kumzika mama yake.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yako ndani ya makanisa yenyewe. Makanisa mengi ya mjini, hasa ya kipentekoste, na sasa hata baadhi ya yale ya zamani, yamehamishia uimbaji kwa timu ya sifa na kuabudu: waimbaji watano au sita, kila mmoja na maikrofoni yake, bendi nyuma, maneno yakionyeshwa ukutani. Wanaimba vizuri, mara nyingi vizuri kuliko kwaya. Waumini husimama, huinua mikono, huondoka wakiwa wametiwa nguvu. Uongozi unafurahi kwa sababu ibada ina uhai na matatizo ya kwaya, yale ya sare na uchaguzi wa mwenyekiti, yamepungua.

Lakini uliza nani anachaguliwa kuingia timu hiyo. Anayejua kuimba. Kwaya ya watu arobaini ilimchukua pia yule asiyejua: mwalimu alimsimamisha kati ya teno wawili wenye sauti imara, akamwambia aimbe polepole na asikilize, na baada ya mwaka mmoja au miwili alikuwa ameshika sauti yake. Kwenye jukwaa la maikrofoni sita hakuna pa kumsimamisha.